Maji Hayana Mnunuzi

Nguruwe wetu walijua ratiba ya kiwanda cha bia kuliko baadhi ya watu waliolipwa mshahara pale. Siku ya kupika, harufu ya kimea ilipanda kutoka upande wa mto ikatanda juu ya mabati ya mtaa, nao wakaanza kugonga mbao za banda kwa pua. Mama alikuwa ameshaondoka, akisukuma baiskeli ya Papa yenye magunia matupu, awahi langoni kabla ya wanawake wa komini ya Mangobo.

Alichokifuata ni dreshi, makapi ya shayiri na nafaka nyingine yanayobaki baada ya utamu wake kukamuliwa kwenda kwenye bia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kila lita 100 za bia huacha kilo 20 hivi za dreshi mbichi, kwamba sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, na kwamba ikishakauka karibu robo yake ni protini. Mama alijua jambo lingine, ambalo karani wa langoni alitamani asilijue: dreshi ikilala siku mbili katika joto la Kisangani inachacha, na ikichacha inanuka mpaka ofisini kwa wakubwa. Kwa hiyo kila bei ilipopandishwa, aliketi kivulini, akalegeza kikwembe chake, akaanza kumsuka mwenzake nywele. "Papa, sisi hatuna haraka," alimwambia karani. Kufika saa sita mchana bei ilikuwa imeshuka.

Leo biashara ile ina jina kubwa, uchumi wa mzunguko, na kuna watu wanalipwa kwa dola kuja kutufundisha. Nikisikia kampuni inajisifu kwamba "inawagawia" wafugaji makapi yake, namkumbuka yule karani akilitazama jua. Nani alikuwa akimsaidia nani pale langoni?

Chupa nazo hazikuwa na shida. Chupa ya bia ya sentilita 72 haijawahi kuwa taka mjini kwetu. Ukienda kununua bila vidanji, yaani chupa tupu ya kubadilisha, unalipia bia na chupa yake, kwa hiyo hata mlevi wa mwisho kutoka baa anarudi nyumbani ameikumbatia chupa tupu. Inaoshwa, inajazwa, inarudi sokoni, mpaka mabega yake yanakuwa meupe kwa mikwaruzo. Kisha ikaja chupa ya plastiki isiyodaiwa na mtu, na mifereji ya komini ya Makiso ikaziba. Serikali ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini hadi leo mfuko unakupokea sokoni kabla muuzaji hajakusalimu. Amri ile haikumweka mtu yeyote langoni. Dhamana ya chupa inamweka kila mnywaji.

Upande wa mbao mwalimu wangu alikuwa mjomba, aliyefanya kazi kwenye msumeno mkubwa wa kiwanda kimoja kando ya mto. Gogo la sapeli au afromosia likipita pale, mara nyingi chini ya nusu yake ndiyo inayotoka ikiwa mbao. Kwa wanaopasua msituni kwa msumeno wa mnyororo, inayopatikana ni pungufu zaidi. Afromosia imo katika orodha ya mkataba wa CITES tangu 1992 na haivuki mpaka bila kibali, lakini vipande vyake nimeviona vikioka mkate. Waokaji walivinunua kwa mkokoteni, wachoma matofali vilevile, na maseremala walichagua vile virefu vya kutengenezea vigoda. Kilichobaki bila mwenyewe ni unga wa mbao. Ulirundikana ukawa kilima, kikaungua ndani kwa ndani wiki nzima, moshi ukaingia vyumbani mwa majirani. Wanasayansi wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani mwaka 1995. Mjomba alijifunga leso puani, akaita hiyo vifaa vya usalama.

Akina mama wachache walikuwa na ujuzi wao. Walisimamisha chupa katikati ya kopo la bati lenye tundu ubavuni karibu na chini, wakashindilia unga kuizunguka, wakaichomoa chupa taratibu, wakawasha kupitia lile tundu. Moto ule uliivisha maharage. Lakini gunia zima la unga halitoi joto la kikapu kimoja cha makala, na hakuna atakayelibeba mbali. Kuukandamiza uwe vitofali vya kuchoma kunataka mashine, na mashine inataka umeme, nasi tunautegemea mtambo wa maporomoko ya Tshopo uliowashwa mwaka 1955. Mradi wa Makala, uliochunguza nishati ya kuni huku kwetu, Kinshasa na Lubumbashi kati ya 2009 na 2013, ulionyesha jinsi miji inavyozila misitu ya pembezoni ili ipike. Kilima cha unga kilikuwa kikiungua bure katikati ya mji huohuo.

Baada ya miaka ile ya mjomba ikaja vita. Sitaki kuieleza sana, wenzangu wameshaieleza. Nitasema tu kwamba kuanzia 1998 meli za Kinshasa hazikupanda tena, na mabomu ya siku sita za Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji usio wao, yalitukuta tumeshazoea kuishi bila vitu. Katika miaka ile Kisangani haikuwa na taka. Msumari uliopinda ulinyooshwa. Waya ulikuwa na bei, kopo lilikuwa na bei, na mafundi wa kuyeyusha alumini waligeuza vipuri vya injini kuwa sufuria. Soda kostiki ilipokosekana, watengeneza sabuni walirudia jivu la mikungu ya mchikichi, kama bibi zao. Nimewahi kukaa semina za Kinshasa nikisikia wataalamu wakisema watu wetu hawana utamaduni wa kutunza vitu, nikakosa hata hamu ya kunyoosha mkono.

Jivu lile ndilo lililonipeleka kwenye kemia, na kemia ikanipeleka kiwandani. Mto ulipofunguliwa tena mwaka 2003 na soda kuanza kupanda kwa meli, nilipata kazi katika kiwanda cha mawese na sabuni, si mbali na mji. Jina lake halina umuhimu. Maabara yangu ilikuwa meza moja, mzani na jiko la kukaushia, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuandika daftari la taka, kwa sababu mkopeshaji mmoja alilitaka.

Hesabu za kiwanda cha mawese hazifichi kitu. Tani moja ya mikungu, ikipikwa kwa mvuke na kukamuliwa vizuri, inatoa kilo 200 hivi za mafuta. Inaacha kilo 220 za mikungu mitupu, kilo 130 za nyuzi na kilo 60 hivi za vifuu vya kokwa. Nyuzi na vifuu analishwa boila, naye anarudisha mvuke. Kiwanda kizuri cha mawese hakinunui kuni. Mikungu mitupu inarudi shambani kufunika mashina, maana imejaa potasi, au inachomwa na jivu lake kwenda kwa watengeneza sabuni. Rundo lililosahaulika linaota uyoga, na uyoga ule haufiki jioni. Mkopeshaji aliposoma daftari langu la kwanza alifurahi: karibu taka zote zimepata matumizi!

Daftari lilikuwa na ukurasa mwingine, ambao patroni aliniambia usubiri. Tani ileile ya mikungu inaacha pia lita 600 hadi 700 za maji machafu. Ukiyaweka kwenye mizani pamoja na taka nyingine, ile "karibu zote" inaanguka chini ya asilimia 40. Tangu siku ile kila ripoti ya kampuni inayotaja asilimia ya taka zilizochakatwa naisoma kwa swali moja: mmepima nini? Vitu vizito vyenye mnunuzi hupandisha asilimia, na kitu kinachoharibu kinapita kwenye bomba la nyuma bila kuandikwa.

Maji hayo ni ya kahawia, ya moto, yana asidi. Hayana sumu kali ndani yake. Ni chakula: mafuta, sukari, nyuzi laini. Ubaya wake umo humohumo, kwa kuwa yakiingia kijitoni vijidudu vinayashambulia kwa karamu, na katika karamu vinamaliza oksijeni ya samaki. Lita moja ya maji ya mawese yasiyotibiwa hudai gramu 25 hivi za oksijeni, karibu mara mia ya maji machafu ya kawaida ya mji. Lita moja ya kijito chenye joto kama vyetu haina hata gramu moja. Ina miligramu 8 hivi. Piga hesabu utaona kwamba lita moja inayomwagika inaweza kuzinyima hewa lita 3,000.

Wanawake wa chini ya kijito hawakupiga hesabu hiyo. Asubuhi moja walikuja na beseni la muhogo, wakaliweka katikati ya lango ili lori lisipite. Walikuwa wamelowesha muhogo wa kwanga kwenye mashimo yao ya siku zote, ukatoka na utando na harufu ya mafuta yaliyochacha. Mlinzi alikuja kuniita.

"Papa Injinia, onja," mkubwa wao aliniambia.

"Mama, naamini bila kuonja."

"Kuamini kwako hakulishi watoto. Onja."

Nilionja mbele yao wote. Kisha nikalibeba beseni hadi ofisini kwa patroni, akalitazama kama mtu anayetazama deni la ndugu yake, akaagiza walipwe muhogo wao. Kuhusu bomba, kimya. Nilimweleza kuhusu oksijeni, akaitikia kwa kichwa. Nilimweleza kuhusu samaki, akauliza kama samaki wale tulikuwa tumewapanda sisi.

Kwa hiyo nilibadili lugha. Maji ya viwanda vya aina yetu hubeba kwa kawaida kilo 4 hadi 6 za mafuta katika kila lita 1,000. Nilichota kwa ndoo mlangoni mwa bomba kwa zamu kadhaa, nikapima, nikageuza kilo kuwa mapipa na mapipa kuwa dola, nikaiweka karatasi juu ya meza yake bila neno la mazingira. Alinyanyuka. "Nani anamwaga mafuta yangu?" Juma lile tulianza kujenga mtego wa mafuta: visima vya zege vilivyofuatana, maji yakapita chini polepole na mafuta yakabaki juu yakichotwa kwa kijiko kipana kwenda upande wa sabuni. Mabomba ya kuoshea sakafu yakapata vali za kujifunga. Mzee wa boila, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, akaonyesha mahali mvuke ulipokuwa ukivuja na kugeuka maji bure. Kabla ya kutibu hata lita moja, maji ya kutibiwa yalikuwa yamepungua kwa kiasi kilichoonekana kwa macho.

Sipendi kwamba ilibidi kuwasahau samaki ili kuwatetea. Lakini vijana wanaokuja kwetu kwa stazi nawaambia vivyo hivyo: anza na kinachomuuma anayelipa, na kwa kawaida utakikuta ndani ya taka yenyewe, kwa sababu taka nyingi ni mali iliyonunuliwa ikapotea njiani. Kupunguza kunatangulia kuchakata. Ni rahisi zaidi pia, na kwa sababu hiyo hakuna mfadhili anayetaka kupigwa picha kando ya vali.

Yaliyobaki tuliyachimbia mabwawa. Hapakuwa na ugunduzi. Maji yanapoa katika bwawa la kwanza, katika mabwawa marefu yasiyo na hewa vijidudu vinayala kwa wiki nyingi vikitoa gesi, na katika bwawa pana la mwisho jua na upepo vinamalizia. Kinachotakiwa ni ardhi na subira, na mvua isiyoingilia. Kisangani inapata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka na haina kiangazi cha kweli. Mwaka wa kwanza mabwawa yalifurika yakatema kila kitu kijitoni, na beseni likarudi langoni. Ilibidi tuchimbe mitaro ya kuyakinga maji ya mlimani, tuinue kingo, tupande majani. Kutoa tope chini ya mabwawa ni kazi ambayo kila bajeti inaiahirisha.

Kuna jambo linalonikera katika historia hii. Hapo Yangambi, kilomita 100 hivi chini ya mto, ndipo watafiti Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza mwaka 1941 jinsi mchikichi unavyorithisha unene wa kifuu, ujuzi uliouzalia ulimwengu aina ya tenera yenye nyama nyingi na kifuu chembamba. Mashamba ya Malaysia yamesimama juu ya ujuzi huo. Viwanda vya huko vilipoua mito, serikali yao haikungoja viwanda vijirekebishe. Kwa kanuni za 1977 iliunganisha ada ya leseni na mzigo wa uchafu unaomwagwa, ikaanza na kikomo cha miligramu 5,000 za mahitaji ya oksijeni kwa lita mwaka 1978, ikakishusha hatua kwa hatua hadi 100 mwaka 1984. Wenye viwanda walilalamika, kisha wakachimba mabwawa. Mchikichi ulitoka kwetu, na namna ya kusafisha maji yake ilitubidi tuisome kwenye vitabu vya wanafunzi wetu.

Sisi sheria tunayo. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema mchafuzi ndiye alipe, na inataka tathmini ya athari kabla ya mradi. Mkaguzi wa idara moja aliwahi kufika kwetu. Aliomba karatasi, akazigonga muhuri, akauliza habari za usafiri wake wa kurudi, na bwawa hakuliona. Mabenki nayo yana karatasi zao. Novemba 2019 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu PHC, kampuni iliyorithi mashamba ya Lever ya tangu 1911, likiwemo la Lokutu katika mkoa huu wa Tshopo. Wakati huo nyuma yake zilikuwepo fedha za benki za maendeleo za Ulaya, zenye kanuni nzuri za mazingira. Kati ya mambo iliyoyaeleza ripoti hiyo ni kumwagwa kwa maji ya kiwanda yasiyotibiwa. Sikushangaa. Kanuni ya mbali haina beseni la kuweka langoni.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba taka ikipata mnunuzi imepata tiba, na kwamba kazi ya kampuni ni kushughulika na ile isiyonunuliwa. Jenereta zimenisumbua katika imani hiyo. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, kila kiwanda, hoteli na kinu cha mpunga vinanguruma, na kila injini inabadilishwa mafuta. Mafuta hayo meusi yana wanunuzi wengi mno. Wajenzi wanapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Wapasua mbao wanalainishia minyororo ya misumeno, yanarushwa tone kwa tone katika msitu wote kutoka hapa hadi Bafwasende. Nimeona kijana akijipaka kidonda. Kwa mizani ya ripoti, taka hiyo imechakatwa asilimia mia.

Sisi tunayaweka kwenye mapipa yenye vifuniko, ndani ya banda lenye sakafu ya zege. Tanuri la saruji, ambalo ndani yake joto linapita nyuzi 1,400, lingeweza kuyachoma yakaisha kabisa, lakini karibu nasi halipo, na kuyavusha mpaka kunataka idhini ya maandishi ya nchi zote zinazohusika chini ya mkataba wa Basel. Kanuni hiyo siipingi. Afrika ililetewa taka za wengine vya kutosha hadi ikajiandikia mkataba wake wa Bamako mwaka 1991. Mapipa yamebaki. Patroni wa sasa, mwana wa yule wa kwanza, analihitaji banda kwa ajili ya sabuni, na wapasua mbao wanapita kila wiki na bei nzuri mkononi. Mlinzi ananiuliza afungue au asifungue. Hadi sasa namwambia asifungue, na nimemwandikia patroni gharama ya kujenga banda la pili.